Mama Sindano na Mke Mwenza wa Nyuma ya Jiko

Sauti mliyoisikia sasa hivi, wasikilizaji wapendwa, si hitilafu ya mitambo yetu. Msipige simu. Ile ni injini. Ni injini ya trekta dogo la bustani, trekta kuukuu la kukatia nyasi, na tumeirekodi wiki hii kwenye ua wa nyumba yenye msiba. Mmesikia ilivyokohoa, ikasitasita, halafu ikatulia na kuunguruma. Nani alikuwa amelikalia trekta hilo, nitawaambia mwishoni. Kwanza nataka mumjue aliyelifufua.

Aliyelifufua hayupo tena. Alikuwa fundi cherehani, mke wa mume mmoja, mama wa binti mmoja. Mtaani walimwita Mama Sindano. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila sindano. Aliichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, upande wa kushoto, na uzi wake tayari umetungwa. Alikuwa nayo akienda sokoni, alikuwa nayo akienda kwenye maombi, alikuwa nayo hata akienda kuzika. Ukimuuliza, atakujibu: "Kwani wewe unajua kifungo cha nani kitakatika leo?"

Basi leo tunamkumbuka Mama Sindano. Fundi cherehani. Mtu wa sala. Na ukubwani kabisa, fundi wa injini moja tu.

Kushona alifundishwa na shangazi yake, angali msichana. Siku alipojichoma kidole mara ya kwanza, hakulia. Alirusha mkono pembeni haraka ili damu isidondokee nguo ya watu. Shangazi akamtazama, akasema, "Huyu tayari ni fundi. Kilichobaki ni ajue kushona." Shangazi huyo alikuwa na kanuni moja, akiirudia kila asubuhi kama dua: "Ukiona tundu, lifunge. Tundu halina udogo." Ishikeni kanuni hiyo, wapendwa. Tutaikuta tena mbele ya safari.

Mume alimpata kupitia kazi hiyohiyo. Palikuwa na kijana aliyekata nyasi kwenye viwanja vya chuo kimoja. Wenzake walimwita Nyasi, na alipozeeka wakamwita Mzee Nyasi. Kijana huyo alileta ovaroli iliyochanika goti. Ikashonwa. Baada ya siku chache akarudi nayo, imechanika goti lilelile. Ikashonwa tena. Akarudi tena.

"Hili goti lina ugomvi na nani?" Mama Sindano akamuuliza.

"Na mawe."

"Mawe ya wapi?"

"Ya... kazini."

Mama Sindano alikuwa ameshaona. Kitambaa kikichanika chenyewe huacha nyuzi zimesimama kama ndevu za mtu asiyenyoa. Hiki kilikuwa kimenyooka, kimepitiwa na mkasi. Aliona, akanyamaza. Akashona kiraka kizuri cha duara, na siku iliyofuata akavaa gauni lake jipya. Alinyamaza mpaka siku ya harusi yao, walipokuwa wameketi mbele ya watu. Ndipo akamwinamia bwana harusi sikioni: "Sasa ule mkasi umrudishie mwenyewe."

Bwana harusi alicheka mpaka wazee wakamkodolea macho.

Miaka ikaenda. Mzee Nyasi alifika umri wa kustaafu, na trekta alilokuwa akiliendesha nalo likafika mwisho wake. Injini iliganda. Chuo kikataka kulitupa. Mzee Nyasi akaliomba, akapewa. Akalileta nyumbani kwa kusukumwa na wafanyakazi wenzake, wakiimba kama watu wanaoleta bibi harusi. Mama Sindano akatoka mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nani huyo?"

"Mgeni."

"Atakaa siku ngapi?"

"Kwanza nimfufue."

"Mgeni gani anakuja kwa watu ameshakufa?"

Tangu siku hiyo trekta likapata jina. Mama Sindano aliliita mke mwenzangu. Mke mwenza akapewa chumba chake nyuma ya jiko, chini ya turubai. Kuku wakataga kwenye kiti chake. Kila mara Mzee Nyasi alisema, "Nikipata nafasi nitalitengeneza." Na mkewe akamjibu, "Mwenzangu huyo hana haraka. Mimi ndiye ninayepika."

Nafasi haikupatikana. Kilichokuja ni kiharusi.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mnaijua hali hiyo majumbani mwenu, kwa hiyo sitaisimulia kwa urefu. Mkono wa kulia ulilegea. Ulimi ukafungwa. Mguu, baada ya mazoezi mengi, ulirudi kiasi cha kutembea na mkongojo. Daktari akawaambia, "Miguu ipo. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kutaka." Na yeye mwenyewe hakutaka. Mtu aliyeishi maisha yake yote juani, akinusa nyasi mbichi, aliwapa watu mgongo na kuugeukia ukuta. Kitandani, kitini, kitandani. Akiletewa chakula, anakula. Akisalimiwa, hageuki. Kizingiti cha mlango wa nyuma hakukivuka.

Mama Sindano alikuwa akisali huku anashona, miguu ikikanyaga cherehani, midomo ikitembea polepole. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ametuambia alivyoisikia sala hiyo mara nyingi. "Mama hakuomba baba aongee. Alisema, 'Mungu wangu, maneno yake kaa nayo wewe, nimeshayasikia ya kutosha. Mimi nakuomba avuke kizingiti tu. Avuke, aone jua.'"

Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake. Avuke kizingiti.

Siku moja kuku aliparamia turubai kutafuta mahali pa kutaga. Turubai likateleza, likaburuta bati la kufunikia injini, na bati likaanguka sakafuni. Nyumba nzima ikalia kwaa! Mama Sindano alikuwa chumbani akimbadilisha mumewe shati. Akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda mrefu. Mzee Nyasi aligeuza kichwa. Akautoa uso ukutani, akaelekeza sikio nyuma ya jiko, akasubiri.

"Kumbe," Mama Sindano akajisemea, "mimi nikimwita haitiki, mke mwenzangu akimwita anageuka!"

Hakununa. Alikwenda kujiandikisha kwenye masomo ya jioni ya ufundi wa injini.

Mwalimu wa darasa hilo bado anacheka akikumbuka. Alimwona mama mtu mzima ameingia na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani mkononi, akamwambia kwa upole, "Mama, darasa la ushonaji ni mlango wa pili."

"Najua, mwalimu. Nimelipita."

Akakaa mbele. Alikuwa mwanafunzi wa kuuliza. Asipoelewa, alikunja kitambaa mezani na kusema, "Nionyeshe hapa. Mafuta yanaingilia wapi, moshi unatokea wapi?" Kwake yeye, injini ilikuwa cherehani iliyozoea petroli. Ina mkanda, ina gurudumu, ina kitu kinachopanda na kushuka. Ukikosa kuipaka mafuta, itakuaibisha mbele ya mteja.

Nyumbani akaanza kazi. Pistoni ilikuwa imegandia ndani ya silinda. Akachomoa plagi, akamimina mafuta kwenye tundu lake, akaacha yazame. Kila asubuhi baada ya sala alilisukuma gurudumu la injini. Halikusogea. Alisukuma tena kesho yake. Halikusogea. Wifi yake, dada wa Mzee Nyasi, mwanamke mwenye ulimi usio na kufuli, alikuwa akija kumtazama mgonjwa na kuishia kumtazama mkarabati.

"Wifi, leo tena unamkanda mke mwenzio?"

"Ana maumivu ya viungo."

"Sasa mbona umelala chini ya gari kama paka?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wifi. Nipe hiyo spana."

"Ipi?"

"Hiyo uliyoikalia."

Asubuhi moja gurudumu lilisogea. Lilisogea upana wa uzi, si zaidi. Mama Sindano akapiga magoti palepale kwenye mafuta na kushukuru. Kuanzia hapo kazi ikafunguka. Kabureta aliifungua na kuitandaza juu ya meza ya kukatia nguo, na kitundu chake chembamba cha kupitishia petroli alikisafisha kwa kupitisha uzi wa nailoni, huku na huku, kama anayetunga sindano. Kutu aliisugua kwa msasa. Kiti kilikuwa kimeoza, akakishonea kingine. Kitambaa aliking'oa kwenye ile ovaroli ya ujana wa mumewe, aliyokuwa ameihifadhi sandukuni, na katikati ya kiti akaweka lile goti lenye kiraka cha duara.

Na kila jioni, akirudi darasani, alikaa pembeni ya kitanda akazungumza na mgongo wa mumewe. "Mume wangu, leo nimemvua kofia. Leo nimemwosha masikio." Mgongo haukujibu. Lakini alikuwa na uhakika kwamba mgongo ulikuwa unasikiliza.

Mwishowe alipaka rangi. Rangi ya chungwa, kama lilivyokuwa tangu mwanzo, maana aliikuta chini ya kiti, mahali ambapo jua halikufika. Alipaka kila kitu. Alipofika kwenye kifuniko cha tangi la petroli, akaona katikati yake kitundu kidogo, kidogo kama cha sindano. Mnaikumbuka kanuni ya shangazi? Mama Sindano hakuwaza mara mbili. Akasema kutu imetoboa, akatia gundi, akaisawazisha kwa kidole, akapaka rangi juu yake. Alitazama kazi yake akaridhika. Fundi cherehani haachi tundu kwenye nguo ya mteja.

Siku ya kuliwasha walikuwepo watatu: yeye mwenyewe, binti yake na wifi yake. Binti alivuta kamba. Injini ikakohoa. Akavuta tena. Ikashika! Nyuma ya jiko pakajaa moshi na vigelegele vya wifi. Mama Sindano hakushangilia. Alikuwa anautazama mlango wa nyuma.

Ndipo injini ikaanza kukata pumzi. Ikadhoofika, ikazima.

Wakafungua kifuniko, wakachungulia. Petroli ipo. Wakafunga, wakavuta kamba. Ikawaka vizuri, na baada ya muda mfupi ikakata pumzi tena. Wakafungua, wakachungulia. Petroli ipo. Wakafunga. Ikawaka, ikazima. Na kutoka chumbani wakasikia mkongojo ukigonga sakafu. Ko! Wakajaribu tena, ikazima tena. Ko, ko, ko!

"Kaka anasema tumpunguzie kelele," wifi akanong'ona.

Mama Sindano akaishiwa nguvu. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono ya rangi ya chungwa, akajifuta uso na uso nao ukawa wa chungwa. "Mungu wangu," akasema, "nimekosea wapi? Nimefunga kila palipokuwa wazi."

"Basi mama," binti akasema. "Tupumzike."

"Vuta mara moja tu, mwanangu. Ya mwisho."

Binti akavuta. Ikawaka. Ikakata pumzi. Ikazima. Na katika ule ukimya mkongojo ukasikika, ila safari hii haukugonga mahali pamoja. Ulikuwa unakuja. Ko... ko... ko... Ukafika jikoni. Ukasimama kwenye kizingiti. Ukavuka.

Mzee Nyasi alitoka na vesti, peku, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa na watoto wasiojua kucheza. Aliwapita wote watatu bila kuwatazama. Akaegemeza mkongojo kwenye trekta na kwa mkono wa kushoto akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likasema fyuuu! Akakigeuza kifuniko, akakitazama, akakipitishia ukucha katikati. Akamgeukia mkewe. Akaziba pua na mdomo wake kwa kiganja, akatoa macho kama anayezama. Halafu akaondoa kiganja, akavuta pumzi ndefu.

Ndipo walipoelewa. Kile kitundu hakikuwa kimetobolewa na kutu. Kiliwekwa na waliolitengeneza trekta, ili hewa iingie tangini. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Tangi lilikuwa halipumui. Na kila walipofungua kuchungulia, walilipa pumzi kidogo, likawaka.

Mzee Nyasi akanyoosha mkono kwenye ukosi wa gauni la mkewe, upande wa kushoto. Akachomoa sindano. Akazibua tundu. Akairudisha sindano mahali pake, polepole, asije akamchoma.

Siku hiyo trekta liliunguruma mpaka petroli ikaisha. Mama Sindano alilisimulia jambo hili katika kikundi chake cha maombi mpaka wenzake wakalikariri. "Jamani, Mungu ana utani," alikuwa akisema. "Ningefanya kazi bila kosa, mume wangu angelala akisikia injini inakwenda vizuri, angebaki ndani. Kosa langu ndilo lililomtoa."

Tangu hapo Mzee Nyasi akawa anatoka. Hakusema neno tena mpaka leo, lakini alitoka. Binti alivuta kamba, au mkewe, na yeye akakalia kiti cha kiraka akakata nyasi za majirani na za uwanja wa shule, mkono mmoja kwenye usukani, na Mama Sindano anatembea kando yake akiokota mawe njiani. Wifi akawa anawapigia kelele kutoka barabarani: "Watatu hao! Mume na wake zake!"

Siku mbaya zilikuwepo. Zipo asubuhi ambazo Mzee Nyasi aliugeukia ukuta tena. Asubuhi kama hizo Mama Sindano hakubembeleza. Alikwenda nyuma ya jiko, akachukua kipande cha nta, ile nta ambayo mafundi cherehani hupaka kwenye uzi usikatike, akakibandika kwenye kitundu cha kifuniko. Akavuta kamba. Akaacha injini iwake, ikate pumzi, izime. Halafu akakaa kwenye ndoo yake akasubiri mkongojo. Haukukosa kuja hata mara moja.

Siri hiyo hakumwambia mtu, mpaka alipougua kifua mwezi uliopita. Alimwita wifi yake kando ya kitanda. "Wifi, nikiondoka, kaka yako atajifungia. Usimlilie mlangoni. Tumia nta." Wifi ametuambia, "Nilidhani ni homa inamsemesha. Nikamjibu, 'Nta gani tena wifi yangu, hebu kunywa maji.' Akanicheka. Hata anakufa alinicheka."

Mama Sindano alifariki dunia wiki mbili zilizopita, nyumbani kwake, mchana, cherehani ikiwa wazi. Siku ya maziko binti aliitafuta sindano kwenye ukosi wa gauni la mama yake, hakuiona.

Na kama alivyosema, Mzee Nyasi alijifungia. Akaugeukia ukuta. Chakula akakiacha. Watu wakaja, wakasema naye, wakaondoka. Mwisho wifi akamwambia binti maneno aliyoachiwa. Wakaenda nyuma ya jiko wawili hao, wakabandika nta, wakavuta kamba. Injini ikawaka. Ikakata pumzi. Ikazima.

Mkongojo haukusikika.

Binti anasema, "Nilihisi moyo wangu nao umezibwa. Nikamwambia shangazi, huyu wifi wa mama, 'Hatoki. Mama ndiye aliyekuwa akimtoa, si trekta.' Shangazi akaniambia, 'Nyamaza, omba.'"

Ko... ko... ko.

Alitoka amevaa shati lake jeupe. Na kwenye ukosi wa shati hilo, upande wa kushoto, kulikuwa na sindano yenye uzi. Akafungua kifuniko. Akaitazama ile nta. Hakushangaa. Akaibandua kwa ncha ya sindano, akaifinyanga kwa vidole, halafu akaingiza mkono mfukoni akatoa donge. Lilikuwa donge la nta, kubwa kama yai la kuku, limeviringwa vizuri, na ndani yake unaona tabaka juu ya tabaka. Akakibandika kile kipande juu yake pamoja na wenzake.

Vipande vyote vilikuwa pale. Vya kila asubuhi mbaya. Alijua tangu mwanzo.

"Baba," binti akauliza, "ulijua ni mama? Na bado ukawa unatoka?"

Mzee Nyasi akamgeukia. Akakigusa kiti, akagonga kwa kidole kile kiraka cha goti. Mara moja, mara mbili. Halafu akapanda, akaketi.

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ndiyo sauti mliyoisikia tulipoanza. Tulifika pale siku iliyofuata, na aliyekuwa amekalia trekta ni yeye.

Kwako Mzee Nyasi, najua unatusikiliza, maana binti ameahidi kuiweka redio karibu: pole sana, baba yetu. Kwako binti, na kwako wifi, poleni. Mungu aliyewapa ndiye aliyetwaa, naye awashike mkono mnapovuka siku hizi. Na sisi wengine tuliobaki na watu wetu, tujiulize leo kabla ya kulala: nani ndani ya nyumba yangu ameugeukia ukuta, na mimi nimechoka kumwita? Usichoke. Mwite kwa kitu anachokipenda. Huenda ameshaijua hila yako zamani, akatoka tu kwa sababu ni wewe.

Mama Sindano, pumzika kwa amani. Kizingiti kimevukwa.

Sasa ndugu zangu, tunyamaze kidogo, tuisikilize tena ile injini. Sikilizeni vizuri. Inapumua.